Dhahabu Isiyopita Mizanini

Dhahabu ni bidhaa yenye bei moja duniani, kwa maana kwamba bei yake ya msingi hupangwa London mara mbili kila siku ya kazi, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri kwa saa za huko, na masonara wa Mombasa, Mwanza na Dubai huanzia hapo kabla ya kuongeza ujira wa kazi ya mkono. Kwa hiyo tangazo linalomfikia mkazi wa Shika Adabu, Mombasa, kwenye simu yake, likidai kwamba dhahabu ya Kongo inauzwa nusu bei kwa kuwa mwenyewe ana shida ya haraka, linajikanusha lenyewe, maana mwenye dhahabu halisi hakosi mnunuzi wa bei kamili katika mji wowote, wala hana haja ya kumtafuta mtu asiyemjua huko Likoni.

Ununuzi wa dhahabu katika pwani umekuwa siku zote kazi ya macho na mikono. Mkufu wa bi harusi huwekwa mizanini mbele ya mama na mashangazi, uzito ukasomwa kwa gramu au kwa tola, kipimo cha gramu 11.66, na penye shaka pambo husuguliwa juu ya jiwe jeusi, kisha mchirizi wake ukatiwa tone la asidi. Mchirizi wa shaba huyeyuka, wa dhahabu safi hubaki. Chapa ya 916 ina maana kwamba sehemu 916 kati ya 1000 ni dhahabu, yaani karati 22, na 750 ni karati 18, lakini tarakimu hizo hugongwa vilevile juu ya shaba iliyochovywa dhahabu, kwa hiyo picha ya chapa haithibitishi kitu. Muuzaji wa mtandaoni humwondolea mnunuzi mizani, jiwe na asidi kwa pamoja, akamwachia picha tu.

Hata hivyo picha yenyewe wakati mwingine humsuta mwenye kuipiga. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, hivi kwamba chupa ya lita moja ikijazwa dhahabu tupu hupita kilo 19, na mche wenye ukubwa wa simu ya mkononi hupita kilo moja na nusu, zaidi ya maradufu ya mche kama huo wa shaba ya manjano. Video inayomwonyesha kijana akiinua kwa mkono mmoja sanduku lililojaa miche inaonyesha madini mengine. Ipo metali iitwayo tangsteni ambayo uzito wake unakaribia sana ule wa dhahabu na ambayo hufichwa ndani ya mche, ndiyo sababu sonara hatosheki na mizani peke yake.

Almasi ina mtego wake, kwa kuwa karati yake si kipimo cha usafi bali cha uzito, gramu 0.2, na neno hilo moja huwachanganya wengi. Kenya haina mgodi wa almasi. Wa karibu ni ule wa Mwadui, Shinyanga, uliotokana na ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940. Tangu 2003, chini ya Mchakato wa Kimberley, almasi ghafi, yaani isiyochongwa, husafirishwa baina ya nchi wanachama katika kifurushi kilichofungwa kwa lakiri na chenye cheti cha serikali, kwa hiyo anayeahidi kuituma kwa basi ama anauza kioo ama anafanya magendo.

Mara nyingi hasara kubwa haitokani na bei bali na ada. Mnunuzi huambiwa kwamba shehena imezuiliwa uwanja wa ndege, zinatakiwa fedha za ghala, kisha za bima, kisha za forodha, na kila malipo yanaambatana na karatasi yenye mihuri. Kenya imewahi kupata hasara ya namna hiyo kama taifa. Kuanzia mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg ililipwa na serikali fidia ya asilimia 35 juu ya thamani ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, nyingi zikiwa za kwenye karatasi tu. Karani wa Benki Kuu, David Munyakei, alizifikisha nyaraka kwa wabunge, akapoteza kazi, akahamia Mombasa kwa miaka kadhaa. Anastahili kukumbukwa mjini humu kuliko anavyokumbukwa.

Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inamtaka mfanyabiashara wa madini awe na leseni, na matapeli huitumia sheria hiyohiyo kumtisha aliyenunua dhahabu ghafi asithubutu kwenda polisi. Aliyekwisha kutuma fedha kwa M-Pesa anapaswa kuupeleka mara moja ujumbe wa muamala kwa namba 456, kwa kuwa fedha zikishatolewa ni vigumu kurudi, na kuhifadhi mazungumzo yote bila kufuta. Anayepiga simu baadaye, akijitambulisha kama mpelelezi awezaye kuzirejesha fedha hizo kwa ada ndogo, mara nyingi ametoka katika kundi lilelile.