Kujiuzulu au Kuuzuliwa? Msamiati wa Kiswahili na Mabadiliko ya Uongozi katika Vyama vya Kanada



Naanza kwa kisa kidogo cha darasani. Niliwapa wanafunzi wa tafsiri habari fupi ya mwezi Mei 2022 kutoka Alberta, mojawapo ya majimbo kumi ya Kanada. Mwanafunzi mmoja akasoma tafsiri yake: “Waziri Mkuu wa jimbo la Alberta, Jason Kenney, amejiuzulu baada ya kupata kura nyingi ndani ya chama chake.” Alipofika mwisho akasita, akaniangalia, akasema: “Mwalimu, samahani, pengine nimekosea. Ameshinda, halafu amejiuzulu?”

Hakukosea kuelewa. Tarehe 18 Mei 2022 wanachama wa United Conservative Party walitangaziwa matokeo ya kura ya kumpima kiongozi wao. Kenney alipata asilimia 51.4. Kwa kanuni za chama hiyo ilitosha kumbakiza, lakini usiku ule ule akatangaza kwamba ataondoka, kwa kuwa kiongozi aliyekataliwa na karibu nusu ya watu wake hana chama cha kuongoza. Tafsiri ilikuwa sahihi kwa kila neno, na bado haikumwambia msomaji lililotokea. Ningependa kulizungumza pengo hilo jioni hii, maana naliona kuwa ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la siasa za nchi ya mbali.

Kwanza niseme kidogo juu ya mfumo wenyewe. Kanada ni shirikisho. Kila jimbo lina bunge lake na serikali yake, na mkuu wa serikali hapigiwi kura na wananchi wote. Wananchi huchagua wabunge; chama huchagua kiongozi; na kiongozi wa chama chenye imani ya bunge ndiye huongoza serikali. Ndivyo ilivyo pia katika ngazi ya shirikisho kule Ottawa. Kwa hiyo mkuu wa serikali anaweza kubadilika bila uchaguzi mkuu kufanyika. Kenney alikaa madarakani hadi mrithi wake, Danielle Smith, alipopatikana Oktoba 2022 katika hesabu ya sita ya kura za wanachama, kwa asilimia 53.77. Waliopiga kura walizidi kidogo 84,000, katika jimbo lenye watu zaidi ya milioni nne. Siku ile Smith hakuwa hata mbunge. Kiti alikipata mwezi uliofuata, katika uchaguzi mdogo.

Sasa turudi kwenye sentensi ya mwanafunzi wetu, tuitazame neno kwa neno. Neno “jimbo” lina mzigo. Mtanzania akisikia “ameshinda katika jimbo lake” huelewa jimbo la uchaguzi. Mkenya wa umri fulani akisikia “majimbo” hukumbuka katiba ya uhuru ya 1963 na ugomvi wa KADU na KANU, ugomvi uliokoma KADU ilipojivunja mwaka 1964, ingawa neno lenyewe liliendelea kutisha watu kwa miaka mingi. Wako wanaopendekeza “mkoa”. Mimi nakataa, na sababu yangu si ya sauti wala ya mazoea. Mkuu wa mkoa kwetu huteuliwa na Rais na huweza kuhamishwa kwa tangazo la saa mbili usiku. Hakuna mtu Ottawa anayeweza kumhamisha kiongozi wa Alberta. Kuita Alberta “mkoa” ni kusema uongo juu ya katiba yake. Basi nabaki na “jimbo” kwa Alberta, na “eneobunge”, kama wasemavyo Kenya, kwa sehemu anayochaguliwa mbunge.

Neno la pili ni “Waziri Mkuu”. Kiingereza cha Kanada kina majina mawili, moja la Ottawa na moja la majimboni. Vyombo vyetu vya habari huyatafsiri yote kwa neno lilelile, na msomaji huachwa akidhani Kanada ina mawaziri wakuu kumi na moja wanaogombania kiti kimoja. Lakini Kiswahili kilikwisha kupata neno. Kuanzia 1983 hadi mabadiliko ya katiba ya 2010, Zanzibar ilikuwa na Waziri Kiongozi, wakati Waziri Mkuu alikuwa wa Jamhuri ya Muungano. Lilikuwa neno la kiserikali, lililozaliwa katika nchi yenye serikali mbili ili kutenganisha ngazi mbili. Cheo kimefutwa, neno halina haja ya kuzikwa nacho. Napendekeza Danielle Smith aitwe Waziri Kiongozi wa Alberta.

Najua mwenzangu wa Kifaransa, aliyeketi pale mbele, atanipinga. Kifaransa cha Quebec hutumia jina moja kwa ngazi zote mbili, na wapo Quebec ambao wangeona kwamba nimelishusha jimbo lao hadhi. Pingamizi hilo ni la haki, na sina jibu la kulimaliza.

Nije kwenye kitenzi, ambacho ndicho kiini cha mhadhara huu. “Kujiuzulu” asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutenga au kuondoa. Kiswahili kilipolichukua neno kilikuwa na “kuuzulu”, yaani kumwondoa mtu katika cheo, na “kuuzuliwa”, yaani kuondolewa. Kisha kikaongeza kiambishi “ji”: mtu anajiuzulu, anajiondoa mwenyewe. Tazameni lililotukia baadaye. Magazeti yetu yamebaki na umbo lenye “ji” na kuwaacha ndugu zake kamusini. Leo kila kiongozi “anajiuzulu”. Sarufi yenyewe inashuhudia kwamba mtendaji na mtendwa ni mtu mmoja, hata pale ambapo watendaji wengine walikuwa mlangoni wakisubiri funguo.

Kanada inatupa mifano ya kulipima neno hili. Erin O’Toole, kiongozi wa Conservative katika bunge la shirikisho, alipigiwa kura na wabunge wa chama chake tarehe 2 Februari 2022: 73 walitaka aondoke, 45 walitaka abaki. Walitumia sheria iliyopitishwa mwaka 2015, inayowapa wabunge wa kila chama hiari ya kujitwalia mamlaka hayo. O’Toole hakujiuzulu, aliuzuliwa, na waliomuuzulu wanahesabika. Thomas Mulcair wa New Democratic Party naye alikataliwa na wajumbe wa mkutano wa chama mjini Edmonton, Aprili 2016, pale asilimia 52 walipotaka kiongozi mpya atafutwe. Lakini alibaki kwenye kiti mpaka Jagmeet Singh alipochaguliwa Oktoba 2017. Sijui kitenzi kimoja cha Kiswahili kinachobeba hali ya mtu aliyekwisha kukataliwa na bado anaongoza kwa mwaka mmoja na nusu.

Justin Trudeau ni mfano mgumu zaidi. Chama chake cha Liberal hakikujitwalia mamlaka yale ya sheria ya 2015, kwa hiyo wabunge wake hawakuwa na kura rasmi ya kumwondoa. Walikuwa na barua, minong’ono na kamera za televisheni. Waziri wake wa Fedha, Chrystia Freeland, alijiuzulu tarehe 16 Desemba 2024, na hapo neno limekaa mahali pake kabisa. Tarehe 6 Januari 2025 Trudeau akatangaza kwamba ataondoka mara chama kitakapopata kiongozi mwingine. Wanachama wapatao 150,000 walipiga kura, Mark Carney akapata asilimia 85.9, na tarehe 14 Machi akaapishwa kuwa Waziri Mkuu bila kuwahi kuchaguliwa na wananchi kwa wadhifa wowote. Wananchi waliulizwa tarehe 28 Aprili, nao wakamkubali. Je, Trudeau alijiuzulu? Kisheria, ndiyo. Naona hapa kauli ya kutendeka inatufaa: “aling’oka”. Jino hung’oka; halijing’oi, wala hatulazimiki kumtaja aliyelitikisa. Tatizo la kauli hiyo ni kwamba inamfaa mno mwandishi mvivu, asiyetaka kuuliza nani alitikisa.

Wengine watasema tunalo “kung’atuka”. Tunalo, na tulitunze. Mwalimu Nyerere alilichukua kutoka Kizanaki na kulipa uhai mpya alipoacha urais mwaka 1985. Lina maana ya mkubwa kuwapisha wadogo kwa hiari na kwa wakati wake. Hata hivyo Mwalimu alibaki mwenyekiti wa chama hadi 1990, jambo ambalo mfumo wa Kanada usingeliweza, kwa kuwa huko anayeshika chama ndiye anayeshika serikali. Kumwambia Kenney kwamba aling’atuka kungekuwa kumvisha kanzu isiyo yake.

Nami sitaki mdhani kwamba haya ni ya Kanada peke yake. Januari 1984, Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama Cha Mapinduzi ilikaa Dodoma. Kikao kilipokwisha, Aboud Jumbe hakuwa tena Rais wa Zanzibar, wala Makamu wa Rais wa Muungano, wala makamu mwenyekiti wa chama. Msingi wa shauri ulikuwa msimamo wake juu ya muundo wa Muungano, yaani serikali tatu badala ya mbili. Taarifa zilisema amejiuzulu. Na kwa mambo yote yaliyotangulia tukapewa msemo ambao mpaka leo wazee huutamka kwa tabasamu lisilo la furaha: hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar imechafuka. Msemo huo hauna mtendaji hata mmoja. Mvua hunyesha, nani wa kumuuliza?

Tofauti ya mifumo ni kubwa. Dodoma, chama kimoja cha nchi nzima kiliweza kumwondoa mkuu wa serikali ya upande mmoja wa Muungano. Kanada, vyama vya majimbo mara nyingi si matawi ya vyama vya Ottawa. Liberal ya Quebec ilijitenga na ile ya shirikisho mwaka 1964. New Democratic Party ndiyo iliyodumu na desturi ya uanachama mmoja kwa ngazi mbili, nayo sasa inalegea. Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walihama kutoka Tanzania, alichaguliwa Juni 2024 kuongoza chama hicho Alberta kwa asilimia 86. Mei 2025 wanachama wake wakaamua kwamba anayejiunga na chama cha jimbo asilazimike tena kuwa mwanachama wa kile cha shirikisho. Kiswahili kitawaitaje watu hawa? “Wanachama” wa chama gani?

Darasani tulirudi kwenye sentensi yetu wiki iliyofuata, tukaiandika upya ubaoni: “Waziri Kiongozi wa Alberta, Jason Kenney, ametangaza kuachia uongozi baada ya karibu nusu ya wanachama waliopiga kura kumkataa.” Ni ndefu kuliko ya kwanza. Mwanafunzi aliyeanzisha mjadala aliitazama, akauliza kwa nini tumeandika “karibu nusu walimkataa” na si “zaidi ya nusu walimkubali”, maana hesabu ni moja. Kipindi kiliisha kabla hatujakubaliana.