Haki ya Sehemu Zilizoachwa Nyuma

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Wenzangu wamekwisha kueleza habari za korosho, maembe na nazi zilizopita mikononi mwa Chama chetu katika miaka kumi, nami sitayarudia. Halmashauri imeniagiza niseme juu ya fedha ambazo Katiba ya Kenya imeziweka kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma, na juu ya wajibu wetu sisi wakulima wa Pwani kuhusu fedha hizo.

Kwanza yafaa tujue sababu ya kuachwa nyuma. Mwaka 1965 Serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10, uliohusu ujamaa wa Kiafrika. Miongoni mwa mambo yake mengi, Waraka huo ulishauri kwamba fedha za maendeleo zitiwe mahali ambapo zitaongeza mazao ya nchi kwa wingi zaidi. Yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, njia za uchukuzi na umeme. Shauri hilo lilikuwa na hoja yake, kwa maana nchi ilikuwa changa na fedha chache, na ilitumainiwa kwamba faida ingewafikia wengine baadaye. Lakini aliyekuwa na barabara aliongezewa, na asiyekuwa nayo aliambiwa angoje. Mahali pasipo na barabara hapaonekani kuwa na faida. Na kwa kuwa hapaonekani kuwa na faida, hapapewi barabara. Kamba hiyo haikatwi na mkulima mmoja kwa jembe lake.

Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 204, ikaanzisha Mfuko wa Usawazishaji. Kila mwaka Mfuko huu hustahili nusu ya asilimia moja ya mapato yote ya Serikali ya Taifa. Maana yake, katika kila shilingi 1,000 zilizokusanywa, shilingi 5. Kazi yake ni kupeleka maji, barabara, zahanati na hospitali, na umeme katika sehemu zilizotengwa, mpaka huduma hizo zifikie kiwango cha nchi nyingine yote. Fedha hizi si sadaka. Ni deni ambalo taifa limekubali kulilipa.

Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Isiolo, Garissa, Narok, Tana River, Lamu, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Tazameni ya kwamba kaunti 5 kati ya hizo za mwisho ni za Pwani. Mwaka 2018 Tume ilibadili njia yake, ikaacha kupima kaunti nzima ikapima sehemu ndogo ndogo. Ikapata sehemu 1,424 katika kaunti 34. Jambo hili lina haki ndani yake, kwani hata kaunti yenye neema huwa na kijiji kinachokunywa maji ya dimbwi. Lakini latutaka tuwe macho: haitoshi tena kusema, “Kaunti yetu imo.” Kila mmoja hana budi kuuliza kama sehemu yake imo.

Tena, fedha hizi zimekwenda polepole. Nusu hiyo ya asilimia hupimwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Hesabu zikichelewa, twapimiwa kwa kibaba cha miaka iliyopita. Kisha mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba miongozo iliyokuwa ikitumika kuuendesha Mfuko ilipingana na Katiba, na kanuni mpya zikatungwa mwaka 2021. Wakati wakubwa wakishindana, mwenye ndoo kichwani hakupunguziwa mwendo.

Wanachama wenzangu, huenda mtu akauliza, hayo yauhusu nini Ushirika? Yauhusu sana. Lori linapokwama mtoni siku tatu, embe haliwezi kungoja, na gharama ya kukwama huko hukatwa katika bei ya kila kilo ya kila mwanachama. Mfuko hautatununulia mbegu wala mizani. Hayo ni juu ya hisa zetu. Lakini Ushirika hauwezi kujenga daraja kwa hisa.

Basi naomba tukubaliane mambo matatu. La kwanza, kila chama cha msingi kichague watu wawili wa kuhudhuria mikutano ya wananchi inayohusu miradi, kwa maana asiyekuwapo na lake halipo. La pili, watu hao waandike katika daftari mradi ulioahidiwa, fedha zilizotajwa, na kazi iliyoonekana kwa macho. Mali bila daftari hupotea bila habari. La tatu, daftari hizo zisomwe katika mkutano mkuu wa kila mwaka, kama tusomavyo hesabu zetu wenyewe.

Wala wakati si mwingi. Katiba ilianza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, nayo imeupa Mfuko miaka 20 tu, yaani mpaka Agosti 2030. Bunge lina uwezo wa kuurefusha, lakini kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote, na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Siku ya kuwaomba kura hizo, machozi hayatasaidia kama daftari itakavyosaidia. Tuwaonyeshe palipojengwa, na palipoandikwa tu pasijengwe.

Nawatakia nyote sikukuu njema na mavuno mema. Ushirika wetu udumu.