Mlevi Anapouliza Mkutano Uko Wapi



Ndugu wajumbe wa Halmashauri ya Walei, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, akina mama na akina baba. Nimeombwa na Tume yetu nizungumze juu ya ulevi. Naomba radhi mapema kwamba sitaeleza ubaya wa pombe. Hayo mmeyasikia kila Kwaresima, na walevi wenyewe wameyasikia kutuzidi sisi sote. Nataka kuzungumza juu ya yule aliyekwisha kuchoka na pombe, anayebisha hodi na kuuliza: wako wapi watu waliokuwa kama mimi, nao hukutana siku gani?

Swali hilo niliulizwa miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa katibu wa halmashauri katika parokia nyingine. Baba mmoja alikuja ofisini asubuhi, hajanywa, mikono ikimtetemeka. Alikuwa amesikia kwamba katika mji ule kipo kikundi cha walioacha pombe. Mimi nikafungua daftari nikaandika jina lake na la jumuiya yake. Nikamwahidi kuwa nitamwarifu mwenyekiti wake ili wanajumuiya wamwombee. Kisha nikamwagiza asiguse tena hata tone tangu saa ile, arudi Jumapili. Hakurudi. Aliyekuja ni mkewe, kutuarifu kwamba mumewe alishikwa na degedege usiku wa pili, akalazwa hospitalini.

Nia yangu ilikuwa njema, lakini ujinga wangu nusura umwue. Mwili wa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi umekwisha kuizoea pombe. Akiikata ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, kuona vitu visivyokuwapo, kupata degedege, hata kufa, na siku za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Mtu wa namna hiyo apelekwe kwanza kwa daktari, na asiachwe peke yake. Mkutano utamngoja.

Na lile daftari? Yule baba alitafuta mahali ambapo asingehukumiwa, nami nikamfungulia jalada.

Ndugu zangu, chama kinachojulikana zaidi kwa mikutano hii ni Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, na mwanzo wake unatuhusu sisi viongozi. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa katika hoteli mjini Akron, Marekani. Alikuwa hajanywa kwa miezi kadhaa, biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na baa ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Alitambua kwamba asipopata mlevi mwingine wa kuzungumza naye, atakunywa. Akatazama orodha ya makanisa iliyokuwa hapo, akampigia simu mchungaji mmoja. Mchungaji yule hakumhubiria. Alimpa majina ya watu wa kuwapigia, na kwa njia hiyo Wilson akafikishwa kwa daktari wa upasuaji, Robert Smith, naye mlevi. Daktari alikuwa amekubali kukaa dakika 15 tu, lakini walizungumza kwa saa nyingi. Tarehe 10 Juni mwaka ule ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuanzishwa kwa chama. Najiuliza mara nyingi ingekuwaje kama simu ile ingepokelewa na katibu wa aina yangu.

Basi anayeuliza aambiwe nini? Aambiwe kwamba hakuna kiingilio wala ada, na sharti ni moja tu, kutamani kuacha kunywa. Mwislamu na asiye na dini wanakaribishwa sawa na Mkristo, kwa maana hata pale mkutano unapofanyika katika chumba cha kanisa, si mkutano wa kanisa. Ipo mikutano ya wazi ambamo ndugu na rafiki wanaweza kuingia, na ipo ya walevi peke yao. Wake, waume na watoto wana chama chao, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951. Msiwasahau hawa, kwani mara nyingi ndio wanaokuja kwetu kwanza. Kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa, au ofisa wa ustawi wa jamii, huweza kujua kikundi kilipo. Tangu ugonjwa wa korona mwaka 2020, mikutano mingi hufanyika pia kwa simu na intaneti, jambo linalomfaa mtu wa kigango cha mbali. Na pasipo na kikundi, wawili wanatosha kuanza, kama ilivyokuwa Akron.

Jambo la mwisho ni la chumba. Kikundi kimoja kimetuomba mahali pa kukutania. Ukumbi mkubwa haufai, maana Jumamosi tunaukodisha kwa harusi na kreti za bia hubaki mlangoni hadi Jumatatu. (Hilo nalo tulijadili siku nyingine, Mwenyekiti asinikasirikie.) Baba Paroko ameridhia kile chumba cha viti vibovu nyuma ya maktaba. Mlango wake unatazama barabarani, si ofisini. Tunahitaji watu wanne wa kukisafisha kabla ya Alhamisi. Ufunguo atakaa nao mwanakikundi mmoja, na hapatakuwa na daftari la mahudhurio.