Asiyekula Ngano si Mchaguzi wa Chakula: Maelezo kwa Wakazi kuhusu Ugonjwa wa Siliaki



Katika nyumba nyingi za Dodoma chapati ni chakula cha heshima. Hupikwa sikukuu, hupelekwa kwa mgonjwa na huwekwa mbele ya mgeni. Maandazi na mkate navyo vimekuwa kifungua kinywa cha kawaida, hata katika vijiji ambavyo zamani asubuhi ilianza kwa uji wa uwele. Kwa watu wengi hakuna ubaya katika hilo. Wapo wachache, hata hivyo, ambao kipande kidogo cha chapati hujeruhi utumbo wao. Ugonjwa wao huitwa siliaki. Maelezo haya yanahusu namna ya kuutambua, njia ya kupata vipimo, na maisha ya nyumbani baada ya majibu.

Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni, nayo ndiyo inayolifanya donge la chapati livutike. Kwa mtu aliyezaliwa na maelekeo ya ugonjwa huu, kinga ya mwili huiona gluteni kuwa adui, na katika kupambana nayo huushambulia utumbo mwembamba. Ukuta wa utumbo huo umejaa vijinyuzi vidogo mno, mfano wa nyuzi za taulo, ambavyo kazi yake ni kufyonza virutubisho. Vikiharibika, mtu hula akashiba, lakini mwili wake hubaki na njaa. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hautokani na uchafu wa jiko.

Kwa mtoto, dalili huweza kuanza miezi michache baada ya kuonjeshwa vyakula vya ngano. Huharisha mara kwa mara, tumbo hujaa, misuli ya mapaja na makalio hunywea, na mstari wa uzito katika kadi ya kliniki huacha kupanda. Kwa mtu mzima, tumbo huweza lisisumbue kabisa. Badala yake huonekana upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini chuma, uchovu, mifupa dhaifu, mimba zinazoharibika, au malengelenge yanayowasha viwikoni na magotini.

Dalili hizi hufanana na za minyoo, utapiamlo, kifua kikuu na VVU. Maradhi hayo hutokea zaidi, na ni haki yachunguzwe kwanza. Hatari huja pale ambapo dawa zimemalizika, hali haijabadilika, na familia ikakata tamaa ya kurudi zahanati. Hapo ndipo mama hulaumiwa kwamba hajui kulisha, au jirani hunyooshewa kidole cha uchawi, ilhali mtoto anaendelea kupewa andazi kila asubuhi ili anenepe.

Husemwa pia kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo. Duniani hukadiriwa kumpata takribani mtu 1 kati ya 100, na wengi wao hawajatambuliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Sahara Magharibi, watu wa Afrika ambao chakula chao kikuu kimekuwa ngano, uliwakuta na ugonjwa huu watoto zaidi ya 5 katika kila 100. Mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ana uwezekano wa takribani 1 kati ya 10 wa kuwa nao, hivyo jamaa hao nao wapimwe.

Chanzo chake kilijulikana kwa njia ya huzuni. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uholanzi ilipatwa na njaa kali na mkate ukaadimika. Daktari wa watoto Willem Dicke alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu kabla ya vita. Aliona kwamba watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu mkate ulipokosekana, na wakadhoofika tena uliporudi. Mwaka 1950 aliyaeleza hayo katika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Tangu hapo hadi leo tiba yake ni moja: kuacha gluteni maisha yote.

Hata hivyo, mtu asiache ngano kabla ya kupimwa. Hili ndilo kosa linalowapotezea wengi nafasi ya kujua ukweli. Kipimo cha damu hutafuta askari wa mwili walioamshwa na gluteni. Aliyekwisha kuiacha kwa muda huweza kupata majibu ya kwamba ni mzima. Baada ya damu, mara nyingi daktari huingiza mpira wenye kamera kupitia kinywani na kuchukua kinyama kidogo cha utumbo kwa uchunguzi. Vipimo hivi si vya zahanati. Njia yake huanzia zahanati au kituo cha afya, huenda hospitali ya wilaya, na kwa rufaa huweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Mgonjwa aende na kadi ya kliniki au daftari la matibabu linaloonyesha dawa zote alizokwisha kutumia.

Baada ya majibu, familia nyingi huogopa gharama. Ni kweli kwamba katika nchi za ngano mgonjwa hulazimika kununua mkate wa pekee kwa bei kubwa. Mkazi wa uwanda wa kati ana nafuu ambayo wengine hawana: mtama, uwele, ulezi, mahindi, mchele na mihogo havina gluteni. Ugali wa uwele kwa mlenda wenye karanga, kunde, njugu mawe, maziwa, nyama na mayai ni mlo salama na kamili. Mtama, ambao kituo cha utafiti cha TARI Hombolo kimeufanyia kazi kwa sababu unastahimili ukame, huweza kudharauliwa na baadhi ya watu kama chakula cha miaka ya njaa. Kwa mgonjwa wa siliaki, mtama ni chakula na ni dawa.

Ugumu uko katika uchanganyaji. Unga wa lishe mara nyingi hutiwa ngano, na mkate uitwao wa mtama huweza kuwa na ngano nyingi kuliko mtama. Tambi, semolina, unga wa atta na ngano isiyokobolewa vyote ni ngano. Bia nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa shayiri. Mashine iliyosaga ngano hubakiza unga unaoingia katika mtama wa anayefuata. Heri familia ipate mashine isiyosaga ngano, au itwange nyumbani. Chekecheo na mwiko wa mgonjwa viwe vyake peke yake, na chakula chake kisikaangwe katika mafuta yaliyokaanga maandazi.

Anayeegemea mahindi na karanga azingatie pia sumukuvu, iliyosababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nafaka ianikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, ihifadhiwe ikiwa imekauka vizuri, na punje zenye ukungu zitupwe.

Sehemu iliyobaki ni ya jamii, na huenda ndiyo nzito kuliko zote. Mgeni anayekataa chapati huonekana ana maringo. Mtoto anayekataa andazi shuleni huchekwa, akala ili afanane na wenzake, akaugua kimyakimya. Mzazi ampelekee mwalimu cheti cha daktari, na shule ya bweni imwandalie uji au viazi penye mkate. Katika Kanisa Katoliki, asiyeweza kula hostia ya ngano huruhusiwa kupokea Komunyo kwa divai peke yake. Mgonjwa aongee na padri wake mapema. Katika futari, viazi vitamu, mihogo na uji wa mtama hutosha kumkaribisha bila kumtenga.

Wakazi wanaombwa mambo matatu. Mtoto asiyeongezeka uzito baada ya matibabu arudishwe kituoni, asifichwe. Mwenye shaka apimwe kwanza, ndipo abadili chakula. Aliyethibitika amwone afisa lishe wa halmashauri ili apange mlo wake, naye asilazimishwe hata tonge moja la ngano kwa jina la ukarimu. Anayemkirimu mgonjwa huyo kwa ugali wa mtama amemheshimu kuliko anayemsihi aonje chapati.