Vishipa Vidogo vya Damu na Kazi ya Mlima
(Maneno yaliyotolewa mbele ya wapagazi na waongoza watalii)



Hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ina oksijeni kwa uwiano ule ule wa hewa ya Tanga, yaani asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo, ambao kileleni hufikia takribani nusu ya ule wa pwani. Kwa hiyo kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni.

Vishipa vidogo vya damu huitambua hali hiyo mapema, lakini havijibu kwa namna moja. Vya ubongo hutanuka ili damu ipite kwa wingi. Vya mapafu hujibana. Huku chini kujibana huko kuna manufaa: sehemu ya pafu isiyopata hewa hunyimwa damu, nayo damu ikaelekezwa penye hewa. Mlimani pafu zima limepungukiwa. Vishipa vikijibana kila mahali, shinikizo la damu mapafuni hupanda, na kapilari, ambazo kuta zake ni nyembamba mno, huvujisha maji.

Wako wanaodhani kwamba aliyezaliwa Marangu au Machame ana kinga. La hasha. Watibeti, ambao wahenga wao wameishi kwenye nyanda za mita 4,000 kwa maelfu ya miaka, wana nitriki oksaidi nyingi katika damu, nayo hulegeza mishipa. Sisi hatuna urithi huo, na mazoea ya safari iliyopita hufifia baada ya wiki chache za kukaa nyumbani.

Mpagazi huficha kikohozi kwa kuogopa kukosa ujira na nafasi ya safari ijayo. Woga huo si wa kubezwa. Hata hivyo, anayehema ilhali ameketi, anayetoa makohozi yenye povu, au anayepepesuka kama mlevi, ashushwe saa hiyo hiyo, hata iwe usiku, wala asishuke peke yake. Kushuka mita 1,000, kama kutoka Kibo hadi Horombo, mara nyingi huleta nafuu kabla dawa haijapatikana. Ninyi viongozi wa misafara, mzigo wake ugaweni, na ujira wake msiukate.

Akifika chini apelekwe zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu aelezwe mgonjwa alilala kwenye kimo gani na kwa siku ngapi, kwa kuwa akimkagua bila habari hiyo atadhani ni nimonia.