Habari Zinazochelewa: Wakati na Kutanuka kwa Ulimwengu



Tuchukulie mama mmoja wa Kebirigo, huku Nyamira, ana dada yake Keroka. Kila alfajiri, kabla ya kuingia shambani kuchuma majani chai, humtuma kijana ampelekee dada habari. Vijana hutoka kila baada ya saa 24, na mwendo wao ni mmoja. Basi dada naye hupokea habari kila baada ya saa 24. Sasa barabara ianze kurefuka. Dada hajahama, ni lami yenyewe inayovutika chini ya nyayo za vijana. Wa leo atakawia kuliko wa jana, na wa kesho atakawia zaidi. Dada atangoja saa 30 kati ya habari na habari, na kama hajui yaliyoipata barabara, atadhani siku za Kebirigo zimekuwa ndefu.

Kijana huyo ndiye mwanga. Galaksi hazikimbizani angani kama matatu. Nafasi iliyo baina yake ndiyo inayotanuka. Georges Lemaître alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1927, na Edwin Hubble akachapisha vipimo vyake mwaka 1929. Mawimbi ya mwanga huvutika njiani, rangi ikaelekea wekundu. Hilo wanafunzi wengi wameshalisikia. Linalonigusa mimi zaidi ni kwamba muda nao huvutika, tena kwa kiasi kilekile.

Ziko nyota zinazolipuka kwa namna inayofanana sana. Milipuko hiyo huitwa supanova: hung'aa ghafla, kisha hufifia kwa wiki kadhaa. Ikiwa umbali kati ya galaksi umeongezeka maradufu tangu mlipuko utokee, kilichochukua siku 20 kule sisi tutakitazama kwa siku 40. Mwaka 2024 wanaastronomia waliochunguza supanova zipatazo 1,500 walikuta ndivyo ilivyo. Nyota ile haikulipuka polepole. Saa yake ilikwenda kama yetu. Habari ndizo zilizochelewa.

Wanafunzi huniuliza: mwalimu, kama ulimwengu unatanuka, mbona Keroka haijasogea mbali na Nyamira? Nalipenda swali hili. Palipo na mvutano wa kutosha, kutanuka hakufui dafu. Mvutano huishika dunia, jua na hata makundi makubwa ya galaksi. Na hapa Kenya inaingia. Tarehe 12 Desemba 1970, nchi ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilionyesha kuwa makundi kama lile la Coma yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, iliyofungwa humo na mvutano. Miale iliyotoka Coma ilikuwa safarini kwa zaidi ya miaka milioni 300.

Mwaka 1998 iligunduliwa kwamba kutanuka kunaongeza kasi. Hivyo, kwa galaksi zilizo mbali nasi leo kupita miaka nuru bilioni 17 hivi, mwanga unaotoka huko leo hautatufikia kamwe, hata tungoje vipi. Galaksi nyingi kati ya hizo bado tunaziona, kwa sababu vijana waliotumwa zamani wangali wanawasili.