Safari ya Tashkent na Mafunzo Yake

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeikunjua ardhi akaweka ndani yake njia, ili waja wake wazipite na kuzingatia. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote.



Wahenga walisema, tembea uone. Lakini kuna kutembea kwa namna mbili. Yuko mgeni anayepokewa na mwenyeji rasmi, akapakiwa garini, akashushwa mahali palipokwisha kufagiliwa, naye akaona alichoonyeshwa. Na yuko msafiri wa peke yake, mwenye mkoba wake na nauli yake, aendaye kwa miguu na kuuliza njia. Huyu wa pili hupotea mara kwa mara, lakini katika kupotea kwake huona mengi. Maneno ya leo yahusu msafiri wa namna hii, katika mji wa Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, katikati ya bara la Asia.

Mji huu ni wa kale. Waarabu waliuita Shash, na wanavyuoni waliotoka huko wakaitwa Shashi. Ardhi yote ile, waliyoiita Mawaraannahri, yaani nchi iliyo ng'ambo ya mto, ilitoa wanavyuoni wakubwa. Imamu Bukhari, ambaye Sahihi yake husomwa misikitini katika nchi hizi, alizaliwa Bukhara mwaka wa 194 wa Hijra, na alifariki mwaka wa 256 karibu na Samarkand. Imamu Tirmidhi alitoka Tirmidhi, mji ulio kusini ya nchi hiyo hiyo. Basi Mwislamu afikapo Tashkent hafiki ugenini kabisa. Amefika jirani na nyumbani kwa walimu wa walimu wake.

Zamani, katika miaka ya utawala wa Kisovieti, mgeni hakuweza kwenda huko apendavyo. Safari za wageni zilipangwa na shirika la serikali, na mfasiri alifuatana nao. Mwezi wa Oktoba 1958 waandishi wa Asia na Afrika walifanya mkutano wao mkubwa katika mji huo, na katika miaka iliyofuata wajumbe wa Kiislamu wa nchi mbalimbali walikaribishwa na kutembezwa misikitini. Waliporudi kwao, wengine walisimulia kwamba dini iko salama, na wengine walisimulia kwamba dini imekwisha. Kila mmoja alisema kweli ya kile alichokiona, lakini nyumba ambamo jibu lilikuwamo hazikuwamo katika ratiba yao.

Uzbekistan ilipata uhuru wake mwaka wa 1991, na leo msafiri aweza kwenda peke yake. Mtu wa Afrika Mashariki aghalabu hubadili ndege Istanbul au Dubai. Yampasa aulize mapema habari za viza, kwani sharti zake hutofautiana kwa kila taifa. Afikapo, hana budi kuandikishwa katika orodha ya wageni. Hoteli humfanyia kazi hiyo, naye avihifadhi vyeti vyake mpaka siku ya kuondoka. Aende majira ya kuchipua au ya mapukutiko, kwa maana kiangazi cha huko ni kikali mno, na baridi yake huleta theluji.

Katika mji, njia iliyo nyepesi ni reli ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka wa 1977, ya kwanza katika Asia ya Kati. Msafiri akishuka katika kituo cha Chorsu, atatokea sokoni, penye kuba kubwa la rangi ya buluu. Hapo atakuta mikate ya duara iliyopigwa mhuri wa maua katikati, viungo, zabibu kavu, na wazee waliovaa kofia zao nyeusi zenye nakshi nyeupe. Na hapo atastaajabu, kwani lugha asiyoijua itaanza kumwita. Kitabu huko ni kitob. Wakati ni vaqt. Habari ni xabar. Swali ni savol, na jawabu ni javob. Dunia ni dunyo, na chai ni choy. Mtu akitaka kumshukuru mwenzake humwambia rahmat, yaani rehema. Akitoa salamu, muuza mikate huweka mkono kifuani na kuirudisha kamili. Lugha mbili zilizo mbali hivyo zimenyweshwa katika kisima kimoja.

Toka sokoni si mbali kwenda kwa miguu mpaka mahali paitwapo Hazrati Imam. Jina hilo ni la heshima ya mtu mmoja, Abu Bakr al-Qaffal al-Shashi, mwanachuoni wa karne ya 4 ya Hijra, aliyezikwa hapo. Na mwanachuoni huyu, ndugu wasikilizaji, alikuwa wa madhehebu ya Imamu Shafii. Yeye ni miongoni mwa walioyaeneza madhehebu hayo katika nchi ile. Waislamu wengi wa Buyenzi, wa Kasongo, wa Kampala na wa pwani, ambao walimu wao walikuja na vitabu vya Shafii kwa kufuata njia za misafara, wana ndugu mkubwa katika elimu aliyelala Tashkent, nao hawakuwa na habari.

Na ajabu iliyoje! Watu wa mji huo leo wote, ila wachache, ni wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa. Hata hivyo wamelitunza kaburi la Mshafii huyu, wakalijengea kuba katika karne ya 16, na wakauita mtaa mzima kwa cheo chake. Msafiri akiingia msikitini kuswali nao ataona tofauti. Alasiri yao huingia baadaye, mpaka kivuli kiwe mara mbili ya kitu chenyewe. Imamu akimaliza Fatiha, "Amin" husemwa kimoyomoyo. Sala ya alfajiri haina kunuti. Mtu mwepesi wa hasira angedhani kwamba sala imepunguzwa. Lakini mwenye elimu humfuata imamu wake, akatoa salamu, na jirani yake humpa mkono. Ni aibu iliyoje, basi, kwa watu wa mtaa mmoja, wa madhehebu mamoja, kugawana misikiti kwa sababu ya jambo dogo kuliko hayo!

Katika eneo hilo hilo kulihifadhiwa kwa miaka mingi, katika madrasa ya Muyi Mubarak, Msahafu wa kale ambao wenyeji huunasibisha na Sayyidna Uthman bin Affan, radhi za Mungu zimshukie. Wataalamu wa maandiko ya kale husema kwamba yamkini uliandikwa baadaye kidogo; lakini hapana anayekana kwamba ni miongoni mwa misahafu mikongwe iliyosalia duniani, na mwaka wa 1997 UNESCO iliutia katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Umeandikwa juu ya ngozi, kwa khati ya Kikufi, herufi kubwa nene zisizo na irabu. Kurasa zake nyingi zimepotea.

Historia ya Msahafu huo ni ibra. Warusi waliuteka Tashkent mwaka wa 1865, kisha Samarkand. Mwaka wa 1869 Msahafu ulichukuliwa kutoka Samarkand, ukapelekwa St. Petersburg, ukawekwa katika maktaba ya Mfalme wa Urusi. Baada ya mapinduzi ya 1917 ulitolewa wakapewa Waislamu, ukakaa mji wa Ufa, na katika miaka ya 1920 ukafika Tashkent. Huko nako uliwekwa katika nyumba ya makumbusho, kama chungu cha kale kinavyowekwa. Mwaka wa 1989 ndipo Waislamu walipokabidhiwa. Tangu kuchukuliwa kwake Samarkand mpaka kukabidhiwa huko ilipita miaka 120.

Lakini wakati Kitabu kilipokuwa safarini, jambo zito zaidi lilikuwa likitendeka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 herufi za Kiarabu ziliondolewa, watu wakaamriwa waandike kwa Kilatini. Mwaka wa 1940 Kilatini nacho kikaondolewa, zikaletwa herufi za Kirusi. Mwaka wa 1993, baada ya uhuru, ikapitishwa sheria ya kurudi Kilatini. Msafiri wa leo huona herufi za namna mbili katika mabango ya duka moja. Fikirini nyumba moja: babu ameandika barua kwa herufi za Kiarabu, na mjukuu wake hawezi kuisoma, mjukuu ameandika kwa Kirusi, na kitukuu huisoma kwa shida. Hapana moto uliochoma maktaba hiyo. Barua zimo sandukuni, nzima, na zimekuwa bubu.

Na misikiti ilifungwa, na madrasa, na walimu wengi wakafungwa au wakauawa. Mwaka wa 1943, katikati ya vita, serikali ile iliruhusu pawe na Idara ya Waislamu, yenye makao yake Tashkent, na baadaye madrasa ya Mir Arab ya Bukhara ikafunguliwa tena. Hayo ndiyo waliyoonyeshwa wajumbe. Lakini wanafunzi wa madrasa hiyo walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kama ile. Basi ni nani aliyewafundisha watoto Fatiha?

Walifundishwa chumbani. Watu wa huko huiita hujra. Mlango ulifungwa, mapazia yakashushwa, na mzee akamfundisha mtoto mmoja au wawili. Katika Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan iliyo jirani, Muhammadjan Hindustani, aliyesoma India na kufungwa gerezani kwa miaka, alifundisha kwa njia hiyo mpaka uzee wake. Alifariki mwaka wa 1989. Akina bibi nao walifundisha jikoni, wakikanda mkate. Wengine hawakujua ila sura tatu fupi, wakazitoa hizo tatu.

Tarehe 26 Aprili 1966, kabla ya jua kuchomoza, ardhi ya Tashkent ilitetemeka, na kitovu cha tetemeko kilikuwa chini ya mji wenyewe. Nyumba nyingi za udongo zilianguka, na watu wapatao 300,000 walikosa makazi. Mji ukajengwa upya kwa barabara pana na majumba ya ghorofa. Mitaa mingi ya kale, yenye vichochoro na nyua zenye mizabibu, haikurudi. Hata hivyo msafiri akialikwa ndani ya nyumba ya ghorofa, atamwagiwa chai kidogo kidogo katika kikombe kisicho na mkono, atawekewa mkate ambao hauruhusiwi kulazwa kifudifudi, na baada ya chakula wenyeji wote, wazee kwa watoto, watainua mikono, waombe dua, na kujipangusa nyuso. Kuta zilianguka, na mikono ile haikusahau.

Hili ndilo ambalo msafiri wa peke yake hurudi nalo. Jengo laweza kufungwa, na herufi zaweza kubadilishwa kwa amri. Hata Msahafu waweza kuchukuliwa, kisha ukarudishwa baada ya miaka 120. Lakini kama isingalikuwa hujra na jiko, ungalirudi ukamkuta nani wa kuusoma?

Enyi wazee wa chama, katika nchi hizi hapana aliyewafungia chuo. Chuo ki wazi, na jamvi limetandikwa, na aghalabu mwalimu hungoja peke yake hadi jua likazama. Ada yake ndogo hucheleweshwa miezi, ilhali fedha ya marumaru ya msikiti hupatikana kwa wiki moja. Na katika masanduku ya marehemu zimo karatasi za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu: mirathi, barua, kasida, nasaba. Mchwa wanazila, na wajukuu hawajui zimesema nini. Watu wa Tashkent walinyang'anywa. Si haki wengine wapoteze kwa uvivu kile ambacho wale walikilinda kwa hofu ya gereza.

Basi kila mwenye sanduku na alifungue juma hili, na kila mwenye mtoto na amfikishe kwa mwalimu wake kesho, na ada mkononi.

Mwenyezi Mungu awarehemu wale waliofundisha nyuma ya mapazia, awajaze kheri walimu wa nchi hizi, na awajaalie vizazi vitakavyokuja wawe wasomaji wa Kitabu Chake. Amin.

Wabillahi taufiki. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.